Kwa Nini Shoka Huzama na Merikebu ya Chuma Huelea?

Kitabu cha pili cha Wafalme, katika sura ya 6, chasimulia habari fupi ya shoka. Wanafunzi wa manabii walikwenda ukingoni mwa mto Yordani kukata miti, ili wajijengee makao. Mmoja wao alipokuwa akikata, chuma cha shoka kikachomoka mpinini, kikatumbukia mtoni. Mtu huyo akalia kwa uchungu, kwani shoka halikuwa lake, alikuwa ameliazima. Nabii Elisha akauliza mahali chuma kilipoangukia, akakata kijiti, akakitupa pale, na chuma kikaibuka juu ya maji. Mwenye kuliazima akanyosha mkono, akakitwaa.

Sasa fikirini. Kwa nini habari hiyo iliandikwa katika kitabu kitakatifu? Haikuandikwa ya kwamba kijiti kilielea, kwa maana kila mtoto ajua kwamba kijiti huelea. Iliandikwa habari ya chuma, kwani watu walijua vema ya kuwa chuma huzama siku zote, mtoni na ziwani, mikononi mwa mtu mwema na mikononi mwa mtu mwovu. Kama chuma kingezama siku moja na kuelea siku nyingine kwa kupenda kwake, kazi ya Nabii isingekuwa mwujiza hata kidogo. Mwujiza huonekana kwa sababu uko utaratibu, na utaratibu huo umewekwa na Mungu Muumba. Kitabu cha Hekima, sura ya 11, chafundisha ya kwamba Mungu amepanga vitu vyote kwa kipimo, kwa hesabu na kwa uzani. Basi, kipimo cha maji ni kipi?

Watu wengi hujibu upesi: kitu kizito huzama, kitu chepesi huelea. Jibu hilo halitoshi. Shina la mgomba hubebwa na wanaume wawili, nao hutokwa na jasho. Lakini likitupwa ziwani huelea, na watoto hulipanda wakicheza. Msumari mdogo haumtaabishi hata mtoto, lakini ukianguka majini huenda chini mara moja. Gogo la mpingo ni mti kama miti mingine, nalo huzama kama jiwe. Hivyo haitoshi kuuliza uzito wa kitu peke yake. Yapasa kuuliza pia ukubwa wake, yaani nafasi kinayoitwaa ndani ya maji.

Mama anayechota maji kisimani kwa ndoo na kamba ajua jambo hili kuliko wengi waliosoma. Ndoo iliyojaa, ikiwa bado chini ya maji, huivuta kwa urahisi. Inapotoka majini huwa nzito ghafula, na mikono yake huitambua tofauti. Je, ndoo imeongezeka uzito katika muda mfupi namna hiyo? Hapana. Ilipokuwa ndani, maji yalikuwa yakiibeba pamoja naye; ilipotoka, amebaki kuibeba peke yake. Na anayetaka kusadikishwa zaidi na ajaribu kuzamisha kibuyu kitupu kilichozibwa mdomo. Kibuyu kitamsukuma mkono kwenda juu, na kadiri anavyokididimiza ndivyo kinavyozidi kushindana naye. Maji husukuma juu kila kitu kilichoingia ndani yake, chuma na mti, mawe na watu.

Lakini husukuma kwa nguvu gani? Aliyelieleza jambo hili vizuri ni Archimedes, mtu mwenye elimu wa mji wa Siracusa katika kisiwa cha Sicilia, aliyekufa yapata miaka 212 kabla ya kuzaliwa Bwana wetu Yezu Kristu. Watu hupenda kusimulia jinsi alivyotoka bafuni uchi kwa furaha ya kuvumbua neno jipya. Habari hiyo iliandikwa muda mrefu baada ya kufa kwake, na yenye faida ni kanuni yake, wala siyo habari ya nguo zake. Kanuni ni hii: maji hukisukuma kitu juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yale ambayo kitu hicho kimeyaondoa mahali pake.

Kanuni hii yaweza kuonekana nyumbani. Jazeni chungu maji mpaka ukingoni, mkiweke ndani ya beseni kubwa. Fungeni jiwe kwa uzi, mlishushe polepole. Maji yatamwagika katika beseni, nayo ni maji yaliyopisha jiwe. Tuseme jiwe lina uzito wa kilo 5, na maji yaliyomwagika ni litri 2. Litri moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi maji yalisukuma jiwe kwa nguvu ya kilo 2. Mwenye mizani ya kuning'iniza ataona ya kwamba jiwe la kilo 5, likiwa majini, linaonyesha kilo 3. Maji yamelipunguzia mzigo, lakini hayakuweza kulibeba lote, ndiyo sababu lazama. Sasa twaeni kipande cha mti chenye ukubwa uleule wa litri 2, lakini chenye uzito wa kilo moja tu. Kitashuka mpaka kimwage litri moja ya maji, na hapo kitasimama, nusu ndani na nusu nje, kwa sababu maji yamekwisha kupata nguvu ya kuubeba uzito wake wote.

Litri moja ya chuma ina uzito wa karibu kilo 8, na kwa hiyo chuma kitupu hakina njia ya kuelea. Litri moja ya mawese haifiki kilo moja. Ndiyo maana kila mpishi huona mafuta yamepanda juu ya mchuzi, hata ayakoroge mara ngapi.

Swali: Je, maji hutofautiana nguvu?
Jibu: Naam, kwa kadiri ya uzito wake. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matamu, hivyo hubeba zaidi. Mto Yordani, ule ule ulipoanguka shoka, humwaga maji yake katika bahari iitwayo Bahari ya Chumvi. Karibu theluthi moja ya uzito wa maji ya bahari hiyo ni chumvi, na mtu akilala juu yake hawezi kuzama, ijapokuwa hajui kuogelea. Lakini chuma huzama hata kule.

Swali: Na mwili wa mtu huzama ama huelea?
Jibu: Mwili wa mtu unakaribia sana uzito wa maji. Mifupa ni mizito kuliko maji, mafuta ya mwili ni mepesi kuliko maji, na pumzi iliyo kifuani humwinua mtu. Mwenye kujaza kifua pumzi na kutulia huelea. Mwenye kupiga kelele huitoa pumzi, na mwenye kuinua mikono yake juu huiondoa mikono majini, ikawa mzigo mtupu. Basi yafaa watoto wa pwani wafundishwe kulala chali juu ya maji kabla hawajafundishwa kuvua.

Hapa wengine watauliza: kama chuma huzama siku zote, merikebu za chuma zapitaje ziwani? Twaeni kipande cha bati, mkikunje na kukigonga mpaka kiwe donge, kitazama. Kipande kilekile kikikunjwa kama bakuli kitaelea. Bati halikupungua wala halikuongezeka. Lakini donge liliondoa maji kidogo sana, na bakuli, kwa sababu ya upana wake na hewa iliyo ndani yake, laondoa maji mengi kabla maji hayajafika ukingoni.

Wakaaji wa ziwa Tanganyika wanao mfano mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda merikebu ya chuma katika mji wa Papenburg, nchini kwao, urefu wake mita zipatazo 70. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapita bahari mpaka Dar es Salaam, kisha ikachukuliwa mpaka Kigoma ng'ambo ya Kongo, na kuungwa upya. Mwezi wa pili wa mwaka 1915 ikashushwa majini ikielea, nayo ikaitwa Goetzen. Mwezi wa saba mwaka 1916, waliposhindwa vitani na kulazimika kurudi nyuma, Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi. Ikalala chini ya maji miaka mingi. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua, na mwaka 1927 ikaanza tena safari zake kwa jina jipya, Liemba, nalo ni jina la zamani la ziwa lenyewe upande wa kusini.

Itazameni habari hiyo kwa makini. Chuma ni kilekile, ziwa ni lilelile. Mwaka 1915 kilielea, mwaka 1916 kilizama, mwaka 1924 kikaelea tena. Kilichobadilika ni kitu kimoja tu: maji kuingia ndani. Maji yote ya Tanganyika, ambayo kilindi chake chapita mita 1,400, hayakuweza kuizamisha merikebu hiyo yalipokuwa nje. Mapadri wa kale walipenda kuifananisha roho ya Mkristu na chombo kilicho baharini, na ni mfano mzuri, kwani mtu huishi katikati ya uovu wa dunia bila kuangamia, mpaka siku anapoufungulia mlango. Lakini yafaa kuangalia kwanza mtumbwi wa mbao kabla ya kupanda kwenye mifano ya roho, kwa sababu katika mtumbwi wa mbao wamo watu wenye mwili.

Tuseme iko mashua ya mbao yenye urefu wa mita 6, upana wa mita 1, na ubavu wenye kimo cha santimita 50, nayo imejengwa kama sanduku ili hesabu iwe nyepesi. Kila inaposhuka santimita moja, huondoa litri 60 za maji, yaani kilo 60. Basi mtu mzima mmoja anapopanda, mashua hushuka santimita moja. Mashua yenyewe ina uzito wa kilo 300, nayo ikiwa tupu imekwisha kushuka santimita 5. Wakipanda watu 20, imeshuka 25, na ubavu uliobaki juu ya maji ni santimita 25. Mpaka hapo kuna nafasi. Sasa mwenye mashua aona magunia 12 ya muhogo yamekaa pwani, kila moja kilo 100, na wenye magunia wanazo faranga mkononi. Ayapakia. Mashua yashuka tena santimita 20. Ubavu uliobaki ni santimita 5, yaani upana wa vidole vitatu hivi.

Mashua hiyo bado yaelea. Abiria watazama na kusema: tazama, haijazama! Nao wasema kweli, kwa muda wa utulivu. Wimbi moja la kimo cha kiganja lapita juu ya ubavu na kutia litri 60, na hizo ni sawa na abiria mwingine, ila abiria huyo hakai mahali pamoja: hukimbilia upande ulioinama na kuzidi kuuinamisha. Watu wakiona maji miguuni husimama na kwenda wote upande wa pili. Ndipo ubavu huingia majini. Tena mashua za kweli si sanduku. Ni nyembamba mbele na nyuma, hivyo hushuka upesi zaidi kuliko hesabu hii.

Tarehe 20 mwezi wa tisa mwaka 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika ziwa Viktoria. Kilikuwa kimefanywa kwa watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka 2024, mashua iliyotoka Minova kwa ziwa Kivu, nayo imejaa kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiwangoja ndugu zao. Makumi ya watu walikufa wakiwa wanaona nchi kavu.

Mtakatifu Luka, katika sura ya 5 ya Evanjili yake, asimulia jinsi Simoni Petro alivyotupa nyavu kwa neno la Bwana na kupata samaki wengi ajabu. Watu hukumbuka samaki. Wachache hukumbuka kwamba mitumbwi miwili ilijazwa hata ikakaribia kuzama. Samaki hao walikuwa zawadi ya Bwana mwenyewe, aliyekuwa amekaa chomboni, na hata hivyo uzito wao ulikuwa uzito. Petro hakusema kwamba baraka haina kilo. Na katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, Mtume Paulo alikuwa katika merikebu pamoja na watu wengine, jumla yao 276. Malaika wa Mungu alikuwa amemwahidi ya kwamba hapana atakayepotea. Je, waliketi na kungoja? Walikuwa wamekwisha kutupa shehena na vyombo vya merikebu, na baada ya ahadi hiyo wakatupa hata ngano baharini ili kuipunguzia uzito. Merikebu ilivunjika, lakini watu wote walifika pwani. Imani yao haikuwazuia kupunguza mzigo.

Amri ya tano ya Mungu inakataza kuua. Mwenye mashua anayejua ya kwamba ubavu wake umebaki vidole vitatu, na kwa ajili ya nauli ya watu wawili apakia tena, huyo hakushika panga, lakini ameiweka roho ya jirani yake katika mizani pamoja na faranga, na faranga zimekuwa nzito zaidi. Jambo hili yafaa kuungamwa, hata ikiwa siku ile mashua ilifika salama.

Lipo tena jambo la pili, na katika vijiji vya pwani ndilo gumu zaidi. Msiba ukitokea, badala ya kuhesabu magunia, watu huhesabu maadui. Yuko mjane aliyemdai mwenye mashua deni la ndagala. Yuko mzee asiyesalimiwa na watu. Husemwa: huyu ndiye aliyeshika mashua kwa chini. Mkatekumeni aulizwapo hujibu kwa unyenyekevu ya kwamba yeye asadiki kanuni za maji, lakini moyoni mwake lipo swali moja: kwa nini mashua ile, siku ile, na mtoto wangu ndani yake, wakati jana ilipakia vilevile na ikafika?

Swali hilo si la kijinga, wala halifai kuchekwa. Sehemu yake ya kwanza ina jibu. Jana ziwa lilikuwa limetulia, na santimita 5 zilitosha. Leo upepo wa kusini umevuma, kama unavyovuma kwa nguvu ziwani Tanganyika wakati wa kiangazi, na santimita 5 hazikutosha. Sehemu ya pili, yaani kwa nini mtoto wangu, haijibiwi na kanuni yoyote ya maji. Lakini Bwana wetu aliambiwa habari za msiba kama huo, nasi twaisoma katika sura ya 13 ya Mtakatifu Luka. Yeye mwenyewe aliwakumbusha watu habari za mnara wa Siloamu ulioanguka na kuwaua watu 18, akauliza kama hao walikuwa wakosefu kuliko wakaaji wengine wa Yeruzalemu, akajibu kwamba sivyo. Hakumtafuta aliyeuloga mnara.

Wala watu weusi wasidhani kwamba ujinga huu ni wao peke yao. Huko Ulaya, zamani, mtu aliyeshtakiwa alifungwa kamba na kutupwa majini. Akizama, walisema hana hatia, wakajitahidi kumvuta upesi. Akielea, walisema maji matakatifu yamemkataa, wakamhukumu. Wakatekumeni waliokwisha kusoma habari za pumzi na mafuta ya mwili wataona mara moja ni nani aliyehukumiwa: aliyekuwa mnene, ama aliyevuta pumzi kwa hofu. Mwaka 1215, katika Mtaguso wa Laterani, siku za Papa Inosenti wa III, Eklezia Takatifu iliwakataza mapadri wasibariki tena hukumu ya maji wala ya chuma cha moto. Hata hivyo desturi hiyo haikufa upesi. Karne nyingi baadaye wanawake wa Ulaya walikuwa bado wakitupwa mitoni kwa kudhaniwa wachawi. Maji hayakuwajua. Maji hayajui dhambi ya mtu. Yajua uzito wake na ukubwa wake tu, na vilevile sumu ya mwavi haijui ni nani aliyeloga.

Vivyo hivyo na maiti inayozama kisha kuibuka baada ya siku kadhaa. Husemwa kwamba mizimu ya ziwa imemrudisha, ama kwamba anamtafuta aliyemwua. Wazazi wenye msiba wafarijiwe kwa kuelezwa kweli: mwili unapooza, hewa huzaliwa tumboni, mwili huvimba, huondoa maji mengi kuliko kwanza, nao huinuliwa. Katika maji yenye kilindi na baridi jambo hili hukawia, na pengine halitokei kabisa. Asiyeonekana hakukataliwa na Mungu. Aombewe, na Misa itolewe kwa ajili yake.

Siku ya ubatizo mkatekumeni ataulizwa kama amkataa Shetani na kazi zake zote. Kumshtaki mjane kwa uongo ni mojawapo ya kazi hizo, nayo yavunja amri ya nane; na mjane akifukuzwa kijijini au kupigwa hata kufa, yavunja na ile ya tano. Kabla ya kulitaja jina la mtu, yapasa kwanza kuuliza: walipanda watu wangapi? magunia mangapi? ubavu ulibaki vidole vingapi?

Nchini Uingereza, karne ya 19, wenye merikebu walizipakia kupita kiasi, na mabaharia wengi walikufa maji. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, aliwapigania, na mwaka 1876 ikatolewa sheria ya kwamba kila merikebu ichorwe alama ubavuni. Hadi leo merikebu za baharini hubeba alama hiyo, duara lililokatwa na mstari, na mstari ukifikiwa na maji hakuna mzigo tena. Wazee wa pwani na wenye mitumbwi waweza kufanya vivyo hivyo bila kungoja serikali. Katika mashua ile ya hesabu yetu, mstari ungekaa santimita 25 kutoka chini, nusu ya ubavu. Huchorwa kwa lami ama kwa rangi nyeupe, mbavu zote mbili, mashua ikiwa tupu juu ya mchanga, na urefu wake uwe wa kutosha ili abiria auone kabla ya kulipa nauli yake.